Kiwanja Tunakitaka, Lakini Ukoka Usinywe Kabla ya Mtoto



Wiki hii tulikuwa tumeahidi kuendelea na maandalizi ya Ramadhani: namna ya kupanga futari bila ya kujichosha, na namna ya kupata wakati wa kusoma juzuu moja kwa siku hata kama una watoto wadogo. Mada hiyo itakuja inshaallah. Leo mtuwie radhi, kuna jambo limetukwama kooni na tukilimeza litatuumiza.

Jumapili iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, kulifanyika kikao cha kiwanja cha mpira katika shehia yetu. Hatukualikwa. Tulipata habari kwa watoto waliokuwa wakirudi madrasa, tukavaa mabaibui yetu tukaenda. Ukutani walikuwa wamebandika mchoro mkubwa: kiwanja cha kijani kibichi, jukwaa la wageni, mageti mawili ya chuma. Tukaambiwa udongo wa kujazia utaletwa kwa malori, nyasi zitapandwa mwezi huu wa pili, na mgeni rasmi ameshaombwa kuja kufungua.

Mmoja wetu akanyoosha mkono akauliza: "Maji ya kumwagilia yatatoka wapi?"

Wakacheka. Si wote, lakini walicheka. Kisha mwenye kuendesha kikao akajibu kwa upole, kama mtu anavyomjibu mtoto: "Mama, usiwe na wasiwasi. Tutachimba kisima chetu wenyewe."

Usiku ule ule ilikuwa zamu ya mtaa wetu kupata maji ya mgao. Yalikuja saa nane za usiku. Tuliamka tukapanga ndoo, madumu, masufuria, hata beseni la kuogeshea watoto. Kabla ya adhana ya Alfajiri mfereji ulikuwa umeanza kukohoa, na nyumba za mwisho wa bomba hazikupata hata ya kuchemshia chai. Asubuhi yake wengine walikwenda pwani kwenye mwani, wengine skuli kusomesha, wengine dukani, wote macho mekundu.

Sasa tunataka kujibu kile kicheko.

Kwanza, hatupingi mpira

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo la kwanza tutakalosingiziwa. "Wanawake hawapendi michezo." Nani kasema? Watoto wanaocheza pale ni wetu. Jezi zao tunazifua sisi, na kwa maji hayo hayo ya saa nane. Mwezi wa nane 2025, mechi za CHAN zilipochezwa Amaan, wengi wetu tulikaa mbele ya televisheni mpaka filimbi ya mwisho. Tunajua kuwa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zimepewa Tanzania, Kenya na Uganda, na tunafurahi kuona kila kijiji kinataka kiwanja chake.

Wala dini yetu haikutufundisha kuchukia michezo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bi Aisha, mara moja Bi Aisha akashinda, na mara nyengine akashinda yeye. Kwa hiyo asije mtu akatutolea hoja ya kuwa mama wa Kiislamu hana la kusema kuhusu uwanja.

Tunachopinga ni kupanga kiwanja kana kwamba mvua ilinyesha. Vuli imepita nyembamba, visima vimeshuka, tangazo la mgao lipo ubaoni kwa sheha, na watu wazima wanakaa kikao kizima juu ya nyasi bila ya neno "maji" kutajwa mpaka mwanamke aliulizie.

Hesabu ya ndoo

Sisi si wahandisi, lakini hesabu ya ndoo hakuna wa kutufundisha.

Uwanja wa kiwango cha kimataifa, ule uliochorwa pale ukutani, una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Zidisha, utapata mita za mraba 7,140. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Katika jua la kaskazi, nyasi zikipewa milimita 5 kwa siku, ambacho si kiwango cha anasa katika nchi za joto, kiwanja kitakunywa lita 35,700 kwa siku moja.

Hizo ni ndoo 1,785 za lita 20, kila siku.

Umoja wa Mataifa unahesabu kuwa mtu mmoja anahitaji baina ya lita 50 na 100 kwa siku kwa mahitaji yake ya lazima. Tuchukue hiyo ndogo, 50. Kiwanja kimoja kitakunywa maji ya watu 714. Jiulizeni wenyewe, mtaa wenu una watu wangapi?

Na hiyo ni nyasi iliyokwisha kushika. Nyasi inayopandwa leo haina mizizi ya kutafuta maji chini, kwa hiyo wiki za mwanzo udongo wa juu haufai kukauka hata siku moja. Ukipanda kaskazini, jua la saa sita linakunywa nawe. Na ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, yenye matundu kama chujio la nazi. Udongo wa kujazia ukiwa mwembamba, maji unayomwaga juu yanapita moja kwa moja chini, na mbolea ya chumvi inapita nayo. Inakwenda wapi? Kwenye visima tunavyokunywa.

"Kisima chetu wenyewe"

Jibu hili ndilo lililotukera zaidi, kwa sababu linasikika kama lina akili. Kiwanja kitakuwa na kisima chake, nyinyi na mfereji wenu, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kuwa kisiwa hakina "kisima chetu" na "kisima chenu". Chini ya miguu yetu kuna maji matamu yanayoelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Maji hayo hayatoki bara. Yanatokana na mvua inayoingia ardhini hapa hapa. Wataalamu wa maji ya visiwa wana kanuni inayojulikana kwa zaidi ya miaka 100: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Geuza kanuni hiyo: ukiyashusha maji ya juu kwa mita moja kwa kuyavuta kwa pampu, chumvi ya chini inaweza kupanda kwa kiasi cha mita 40.

Ndiyo maana bibi zetu walichota kwa kata na ndoo, wakakiacha kisima kipumzike. Hawakuijua kanuni kwa jina lakini waliijua kwa ulimi: kisima kikichotwa sana, maji yanageuka magadi. Leo pampu haipumziki wala haionji. Na kisima kikishaingia chumvi, huwezi kukirudisha kwa kikao. Kinasubiri mvua za miaka.

Kwa hiyo yule anayesema "tutachimba chetu" ni kama watu wanaokula sahani moja, mmoja wao akaleta kijiko kikubwa na kusema hali chakula cha mtu, anatumia kijiko chake.

Wenzetu yaliwakuta

Msidhani haya ni maneno ya wanawake wenye hofu. Mji wa Cape Town, Afrika Kusini, wenye watu kama milioni nne, ulifika ukingoni mwaka 2018 baada ya miaka mitatu ya mvua haba. Kuanzia Februari mosi mwaka ule kila mtu aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na ilikatazwa kumwagilia viwanja vya michezo kwa maji ya mji. Huo ni mji wenye mabwawa makubwa na mapato makubwa, na watu wake wanapenda raga na kriketi kama tunavyopenda mpira sisi. Lakini ilipofika kuchagua baina ya nyasi na watu, walichagua watu.

Sisi hatuna bwawa la akiba. Tunangoja nini ili tuchague?

Dini inasemaje

Kikao kile kilifunguliwa kwa Fatiha na kufungwa kwa dua. Basi tuzungumze kwa lugha ya dua.

Mtume wetu alimkataza sahaba kufanya israfu ya maji wakati akitawadha, na akamwambia kuwa israfu ni israfu hata kama mtu yuko kwenye mto unaopita. Yeye mwenyewe alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni ujazo wa viganja viwili vilivyokusanywa, kiasi cha theluthi mbili za lita. Akioga kwa kiasi cha pishi, ile ile tunayopimia zakatul-fitri, au kuzidi kidogo. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa kipimo, nyasi imepewa ruhusa na nani?

Alifundisha pia kuwa watu ni washirika katika maji. Mshirika hapewi taarifa baada ya mambo kwisha. Mshirika anaulizwa. Sisi tulitakiwa tuwemo katika kikao kile kwa haki, na tuliingia kwa kubahatisha.

Na sayyidna Uthman, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoona watu wa Madina wanauziwa maji ya kisima cha Ruma, alikinunua kwa mali yake akakiacha wakfu kwa wote. Hapa kwetu Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, anakumbukwa mpaka leo kwa mabomba yaliyoleta maji ya chemchem ya Bububu mjini. Enyi mnaotafuta jina, na enyi mnaotafuta thawabu, njia ni hiyo. Sadaka ya maji inaendelea mtu akiwa kaburini. Utepe wa mgeni rasmi unaishia pale unapokatwa.

Na tusisahau kuwa kila mwenye kwenda Hija hukimbia baina ya Safa na Marwa kwa kuwa mwanamke mmoja, Bi Hajar, alikimbia pale akimtafutia maji mtoto wake. Allah hakuipuuza mbio ile. Ameifanya ibada ya umma mzima, wanaume kwa wanawake. Halafu katika kijiji cha Waislamu mwanamke anauliza habari ya maji, na watu wanacheka!

Wanaosema tunachelewesha maendeleo

Tumesikia hoja zao, na hatutaki kuzidharau.

Wanasema vijana wanaangamia maskani, unga umewamaliza, kiwanja kitawaokoa. Kweli, na hakuna anayeijua machungu ya unga kuliko mama. Lakini mpira hauanzi na nyasi. Vijana wetu wanacheza pwani kila maji yakikupwa, na wamecheza hivyo tangu babu zao. Kijana anahitaji mwalimu wa mpira, mpira usiopasuka, ratiba na mtu mzima anayemuuliza jana ulikuwa wapi. Hayo hayanywi maji. Yaanzeni kesho.

Wanasema fedha za wafadhili zina muda, zisipotumika zitarudi. Basi zitumieni katika yasiyotaka maji: kusawazisha ardhi, kuchimba mitaro, kujenga tangi, vyoo na ukuta. Hiyo ni kazi ya kiangazi hasa, maana lori haliingii kwenye matope. Nyasi ndiyo ya mwisho. Tokea hapo masika huanza katikati ya mwezi wa tatu. Tunagombana kwa ajili ya wiki sita, saba! Mkulima yeyote wa muhogo angewaambia hivyo bila ya kulipwa.

Kwa nini basi haraka? Tuseme ukweli: ni kwa sababu ya mgeni rasmi. Wanataka awe kijani siku ya picha. Na mwezi huu wa pili unatuingiza katika Ramadhani, wakati kila nyumba inahitaji maji zaidi ya kupikia futari, ya kutawadhia tarawehe na ya daku. Tutafunga mchana, tutaamka saa nane kugombea ndoo, na nyasi ifuturu kabla yetu.

Wengine wanasema tuweke nyasi bandia, kwisha maneno. Pengine mjini inafaa. Lakini zulia lile la plastiki linashika joto juani hata kufikia nyuzi 60 na zaidi, na watoto wetu wanacheza miguu mitupu. Viwanja vingi vya aina hiyo vinamwagiliwa ili vipoe. Na zile chembe za mpira zinazomwagwa ndani yake, Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha sheria ya kuziondoa sokoni baada ya muda wa mpito wa miaka minane, kwa sababu ya plastiki inayosambaa katika mazingira. Kwetu sisi wakulima wa mwani, kinachosombwa na mvua kinaishia baharini, pale pale tunapofunga kamba zetu. Kabla ya kununua, tuulizane.

Tunachokitaka

Hatukuja kulalamika tu. Tunaitaka kamati ya kiwanja ifanye haya:

1. Ipange kwa kalenda ya masika. Isipandwe nyasi hata moja mpaka mvua ishike na mgao uondolewe. Mvua ikichelewa, nyasi nayo ichelewe.

2. Ipunguze ukubwa. Sheria za mpira zinaruhusu kiwanja cha mita 90 kwa 45 kwa mechi zisizo za kimataifa. Hicho ni mita za mraba 4,050, na kwa milimita zile zile 5 kinatumia lita 20,250 badala ya 35,700. Hakuna Kombe la Dunia litakalochezwa shehiani kwetu.

3. Ipande ukoka. Huo huo tunaoukanyaga na kuung'oa mashambani ndio jamaa wa nyasi za viwanja vikubwa duniani. Ukikosa maji unageuka rangi ya kahawia na kulala, mvua ikija unaamka. Na kamati ikubali mapema, kwa maandishi, kuwa kiangazi kiwanja kitakuwa cha kahawia. Si aibu.

4. Ivune mvua. Paa la skuli la mita za mraba 500 likipata milimita 100 za mvua linatoa lita 50,000. Leo zote zinamwagika uwanjani na kuwa madimbwi ya mbu. Jukwaa na vyoo vya kiwanja navyo viwe na mifereji ya paa na tangi. Na maji yatakayozidi kiwanjani yaongozwe kwenye mashimo ya kuyarudisha ardhini, yasipelekwe baharini.

5. Itumie maji ya udhu. Msikiti uko hatua chache kutoka pale. Watu 100 wakitawadha kwa lita 5 kila mmoja kwa sala tano, ni lita 2,500 kwa siku, nazo ni safi kwa mimea. Hayatoshi kiwanja kizima, lakini yatatosha magoli na katikati, ambako nyasi hufa kwanza.

6. Kabla ya kuchimba kisima chochote, ipime maji na chumvi ya visima vilivyopo, na matokeo yabandikwe pale pale palipobandikwa mchoro. Chumvi ikipanda, pampu izimwe, na ufunguo usiwe mikononi mwa kamati peke yake.

7. Wanawake wawemo katika kamati, wasiwe wa kupika chai. Na tukishakijenga kwa jasho letu, binti zetu wapate saa zao za kucheza, kwa stara na bila ya kupigiwa kelele.

Na sisi majumbani

Haki huanza nyumbani, kwa hiyo tujiseme na wenyewe. Ni wangapi kati yetu tunaacha mfereji wazi tunapoosha vyombo? Maji ya kuoshea mchele yanakwenda wapi? Tuyamwage kwenye mchicha. Tutawadhe kwa kopo badala ya kufungulia bomba. Tuwafundishe watoto ile mudi ya Mtume, tuwape kikombe wajaribu, wataona inatosha. Mtu hawezi kudai hesabu ya lita 35,700 huku ndoo yake inafurika.

Kikao kijacho ni Jumapili hii, baada ya Alasiri, pale pale. Safari hii msingoje watoto wawaambie. Njooni na mabaibui yenu, na kila mmoja aje na ndoo moja tupu. Tuziweke mbele ya ule mchoro, tuketi, na tuulize tena swali lile lile. Tuone kama watacheka.

Ya Allah, tuteremshie mvua yenye manufaa isiyo na madhara, tujaalie tuwe wenye kushukuru neema kabla haijaondoka, na uwalinde watoto wetu, wanaocheza na wanaochota.

Wabillahi tawfiq.